Namna ya Kuchagua Sili Mpya Unapofufua Silinda ya Haidroliki

Mafundi wengi wa Tanzania na Kenya huita jeki kila silinda ya haidroliki, iwe kwenye mkono wa kijiko, chini ya bodi ya tipa au kwenye mlingoti wa foklifti. Jeki hiyo ikifunguliwa, sili zake, yaani vizuizi vya mpira au plastiki vinavyozuia oili isipite, hubadilishwa kwa desturi moja: za zamani hutolewa, hufungwa kwenye kitambaa na kupelekwa dukani, na muuza vipuri hutafuta zinazofanana nazo kwa macho na kwa kuzipachika moja juu ya nyingine. Desturi hiyo ndiyo inayorudisha silinda nyingi gereji mapema. Sili iliyokaa miaka kadhaa ndani ya oili ya moto huwa imevimba, imesinyaa, imelika upande mmoja au imelala ikachukua umbo la mahali ilipobanwa, hivyo haifai kuwa kipimo. Ina kazi nyingine muhimu, ambayo ni kueleza kilichoiua. Vipimo vyenyewe hutoka kwenye chuma.

Mwongozo huu unahusu silinda za kazi mbili, yaani zile ambazo oili huingia pande zote mbili za pistoni, katika mitambo ya ujenzi, ya kilimo na ya kunyanyua mizigo. Ndani ya silinda ya namna hiyo kuna sili ya shafti, ambayo huzuia oili isitoke nje. Sili ya vumbi, ambayo hukwangua uchafu shafti inaporudi ndani. Sili ya pistoni, ambayo hutenganisha oili ya chini na ya juu. Ringi za mwongozo, ambazo hubeba uzito wa pembeni ili chuma kisiguse chuma. Na oringi, yaani ringi za mpira wa mviringo, zinazokaa mahali pasipo na mwendo. Silinda za eskaveta, yaani kijiko, huongezewa pia sili ya bafa, inayopokea mshindo wa oili kabla haujaifikia sili ya shafti.

Kabla ya kufungua: hakikisha kosa ni la sili

Oili inayochuruzika kwenye shafti haina ubishi. Mkono unaoshuka wenyewe mtambo ukiwa umezimwa ni suala jingine, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 na shafti ya milimita 60, inayobeba mzigo unaosukuma shafti iingie ndani, huku shinikizo chini ya pistoni likiwa bar 100. Valvu ikifunga barabara pande zote mbili, na sili ya pistoni ikawa imekwisha kabisa, oili itapita kutoka chini ya pistoni kwenda juu, lakini shafti haiwezi kuingia hadi mwisho kwa kuwa ujazo wa shafti yenyewe hauna mahali pa kwenda. Shinikizo litalingana pande zote mbili na kupanda hadi bar 278 hivi, kwa sababu sasa mzigo unabebwa na eneo la shafti peke yake. Kwa hiyo, silinda inayozama sentimita nyingi bila tone la oili kuonekana nje humwelekeza fundi kwenye valvu kwanza. Hesabu hiyohiyo inaeleza pia kwa nini sili ya shafti hupasuka mara kwa mara katika silinda ambayo sili yake ya pistoni ilichakaa zamani na haikuguswa: inapokea shinikizo ambalo haikukusudiwa kulipokea.

Kuipima sili ya pistoni ni kazi ya nusu saa. Laza mkono au ndoo ya mtambo chini, toa shafti yote hadi mwisho wa mwendo, zima injini, kisha sogeza mikono ya kuendeshea valvu huku na huku ili shinikizo lililobaki litoke. Fungua mpira wa kupitisha oili (hozi) wa upande wa shafti, ziba mdomo wa mpira huo kwa kizibo cha skrubu, na kinga chombo chini ya tundu lililobaki wazi kwenye silinda. Washa injini na upeleke shinikizo upande wa chini wa pistoni taratibu, huku kila mtu akiwa mbali na tundu hilo. Oili kidogo iliyobaki ndani itachuruzika na kukoma. Ikiendelea kutiririka, sili ya pistoni inavujisha. Kumbuka kwamba jaribio hili linapima mahali pamoja tu pa mwendo, na silinda iliyolika katikati inaweza kulifaulu.

Katika kazi yote hii, usitafute tundu la mvujo kwa kidole. Oili yenye shinikizo la bar mia kadhaa hupenya ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na jeraha lake, ambalo huonekana kama la sindano tu, linahitaji upasuaji wa haraka hata kama mhusika hasikii maumivu. Tumia kipande cha boksi.

Hatua ya kwanza: soma sili ya zamani

Zitoe sili moja moja kwa mpangilio ule ule zilivyokaa na uzipange juu ya boksi safi, ukiandika upande ambao mdomo wa kila moja ulielekea. Piga picha kila hatua, simu inatosha. Ikiwa sili haitoki bila kuharibiwa, ikate, lakini usiichokonoe kwa bisibisi lenye ncha kali, kwa kuwa mkwaruzo unaobaki ndani ya mfuo, yaani mchongo ambamo sili hukaa, utakuwa njia ya oili hata sili mpya ikiwa nzuri kiasi gani.

Kisha itazame kila moja kwenye mwanga. Sili ambayo ukingo wake wa nyuma, yaani upande usio na shinikizo, umemegekamegeka na kutoa ulimi mwembamba imesukumwa kwenye uwazi uliopo kati ya vyuma viwili. Sababu ni shinikizo kupita kiasi au uwazi mkubwa, na uwazi mkubwa karibu kila mara hutokana na ringi za mwongozo zilizokwisha. Ukinunua sili ya aina ile ile bila kugusa ringi hizo, matokeo yatakuwa yale yale. Sili iliyokauka, ikawa ngumu kama plastiki na yenye nyufa mdomoni, imepikwa: ama oili ilikuwa moto kupita kiasi, ama mpira uliotumika haukufaa kwa joto hilo. Iliyovimba na kulainika, inayoweza kumong'olewa kwa ukucha, imekutana na kimiminika kisichopatana nayo. Mifereji mirefu inayofuata mwendo wa shafti ni kazi ya mchanga au shafti yenye mikwaruzo. Kulika upande mmoja tu wa mduara kunaonyesha kwamba shafti imepinda au kwamba pini na bushi za silinda zimelegea kiasi cha kuivuta upande.

Kuna alama moja ambayo mara nyingi hupita bila kutambuliwa. Ukiona mdomo wa sili umeungua na kuwa mweusi kama masizi mahali padogo, huku sehemu nyingine zikiwa nzima, ndani kulikuwa na hewa. Hewa iliyochanganyika na oili ikibanwa ghafla hupata joto la kuweza kuwaka, kwa namna ile ile dizeli inavyowaka katika injini. Hapo sili haina kosa. Tafuta hewa inakoingilia, hasa kwenye mpira wa kufyonza wa pampu na kwenye kiwango cha oili tangini, na baada ya kufunga silinda uitoe hewa kwa utaratibu utakaoelezwa mwishoni.

Hatua ya pili: kagua chuma

Pitisha ukucha juu ya shafti kwa mwendo wa mduara na wa urefu. Mkwaruzo unaoshika ukucha utakata sili mpya. Vishimo vya kutu kwenye kromu ni vibaya zaidi kuliko vinavyoonekana, hasa kwa mitambo inayofanya kazi pwani au kubeba mbolea, kwani kutu hutambaa chini ya kromu na kuibandua baadaye. Ncha kali moja moja zinaweza kusawazishwa kwa jiwe laini la mafuta, lakini kromu iliyobanduka inataka shafti mpya au kuchovywa upya. Kupaka gundi ya chuma kwenye kishimo na kuipiga msasa ni suluhisho la muda mfupi, na kwa silinda inayonyanyua mzigo juu ya watu silishauri kabisa.

Shafti iviringishwe juu ya vyuma viwili vya umbo la V huku kipimo cha saa, chenye mshale unaozunguka kama wa saa, kikiwa katikati, ili kujua kama imepinda. Bomba la silinda limulikwe kwa tochi kutoka mwisho mmoja. Sehemu iliyolika katikati mara nyingi huonekana kama mkanda unaong'aa kuliko kwingine, na kipenyo chake kipimwe mahali pasipopungua patatu. Iwapo bomba litasuguliwa upya kwa mawe na kipenyo kikaongezeka, sili ya ukubwa wa awali haitafaa tena, na ndiyo maana vipimo vya kununulia huchukuliwa baada ya ukarabati wa chuma kukamilika.

Hatua ya tatu: pima mifuo

Mfuo ni ule mchongo ambamo sili hukaa, na vipimo vitatu vyake ndivyo vinavyotakiwa dukani. Kwa sili ya shafti, cha kwanza ni kipenyo cha shafti, ambacho hupimwa kwa maikromita mahali ambapo shafti haijalika, karibu na mwisho usiotoka nje. Cha pili ni kipenyo cha mfuo kikipimwa kwenye sakafu yake, ndani ya glendi, yaani kile kifuniko ambacho shafti hupitia. Cha tatu ni upana wa mfuo, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Kipimo cha pili ndicho kinachowashinda wengi, kwa kuwa taya za ndani za kalipa ya venia hazifiki vizuri ndani ya mfuo. Wengine hupima kina cha mfuo kutoka mdomoni mwa tundu la glendi, wakakizidisha mara mbili na kujumlisha na kipenyo cha shafti. Jibu hilo si sahihi. Tundu la glendi ni kubwa kuliko shafti, kwa kuwa shafti hubebwa na ringi ya mwongozo na haigusi glendi yenyewe. Hesabu sahihi ni kipenyo cha tundu la glendi, kujumlisha kina mara mbili. Kwa mfano, ikiwa shafti ni milimita 50, tundu la glendi ni 50.8 na kina cha mfuo ni 4.6, basi kipenyo cha chini cha mfuo ni 60.0; aliyejumlisha kwa kutumia shafti atapata 59.2 na kurudi na sili isiyokuwepo katika orodha yoyote. Njia rahisi kuliko zote ni kutumia kipimo cha ndani cha miguu inayopanuka, kukifunga kikiwa ndani, kukitoa na kukisoma kwa maikromita.

Sili ya pistoni hupimwa kinyume chake. Kipenyo cha nje ni cha bomba la silinda, wala si cha pistoni, kwa sababu pistoni nayo ni ndogo kuliko bomba kwa nafasi ya ringi za mwongozo. Kipenyo cha ndani ni cha chini ya mfuo uliochongwa kwenye pistoni, na hapa kalipa ya venia inafika bila shida.

Upana wa mfuo huwa mkubwa kidogo kuliko kimo cha sili, kwa kawaida kati ya nusu milimita na milimita moja, ili sili ipate nafasi ya kupumua na oili iingie nyuma ya mdomo wake. Hivyo, mfuo wa 50 kwa 60 wenye upana wa milimita 11 huchukua sili iliyoandikwa 50 × 60 × 10. Anayeona nafasi hiyo na kuijaza kwa sili nene zaidi atakuwa amefunga kitu kinachobanwa pande zote, kinachopata joto na kuisha haraka.

Angalia pia kama silinda imetengenezwa kwa milimita au kwa inchi. Shafti ya inchi 2 ni milimita 50.8, na sili ya milimita 50 itaingia kwa nguvu, ifanye kazi kwa muda, kisha ikakaze na kupasuka. Mitambo ya Japani na ya Ulaya kwa kawaida hutumia milimita, ilhali mingi ya Marekani ya miaka ya nyuma, zikiwemo Caterpillar za zamani, ni ya inchi. Kipimo kisichoangukia kwenye milimita kamili kigawe kwa 25.4 kabla hujalaumu chombo chako.

Oringi zina mitego yake. Unene wa uzi wake katika mfumo wa Marekani wa AS568 ni milimita 1.78, 2.62, 3.53, 5.33 au 6.99. Mfumo wa Japani, JIS B 2401, una familia ya P yenye unene wa 1.9, 2.4, 3.5, 5.7 na 8.4, na familia ya G yenye 3.1 na 5.7. Oringi ya 3.1 na ya 3.53 zikiwekwa mkononi hazitofautishwi kwa urahisi na jicho, lakini ya kwanza ikikaa kwenye mfuo wa ya pili haitabanwa vya kutosha, na ya pili kwenye mfuo wa ya kwanza itakatwa kingo wakati wa kufunga. Pima unene wa uzi mahali patatu kwenye oringi ya zamani kama mwongozo tu, kisha upime kina cha mfuo: oringi isiyo na mwendo inatakiwa kubanwa takriban robo hadi moja ya saba ya unene wake. Kuhusu uzi wa mpira unaokatwa na kuunganishwa kwa gundi ya haraka, unaweza kuokoa mfuniko wa tangi, lakini mahali pake si ndani ya silinda.

Ringi za mwongozo hupimwa unene na upana. Zikinunuliwa kama mkanda wa kukata, urefu wa ile ya pistoni hupatikana kwa kutoa unene wa mkanda kwenye kipenyo cha bomba, kuzidisha kwa 3.14, kisha kupunguza milimita 3 hadi 5 kwa silinda za ukubwa wa kati ili pabaki pengo la kutanukia. Mkanda usio na pengo hukunjana oili inapopata joto na kukwama. Ncha zikatwe kwa mshazari.

Hatua ya nne: chagua mali ya sili

Mpira wa naitraili, unaoandikwa NBR, ndio wa kawaida kwa oringi na huvumilia oili ya madini hadi nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi. Poliyurethani, inayoandikwa PU au AU, ndiyo inayofaa zaidi kwa sili za shafti na za vumbi kwa sababu haichaniki wala kulika kwa urahisi. Mwisho wake wa joto ni karibu na huo wa naitraili, na aina ya kawaida huharibiwa na maji ya moto, jambo la kuzingatia kama oili imeingiwa na maji ikageuka rangi ya maziwa. Kwa joto kubwa zaidi ipo HNBR, inayofika karibu nyuzi 150, na FKM, ambayo wengi huiita kwa jina la kibiashara la Viton, inayofika nyuzi 200. Tefloni haijali joto wala kemikali na huteleza vizuri, lakini haina unyumbufu, hivyo sili ya pistoni ya tefloni hukaa juu ya oringi au mpira wa mraba unaoisukuma kwa nje.

Si kweli kwamba Viton ni bora kila mahali kwa kuwa bei yake ni kubwa. Silinda ya trekta ambayo oili yake hubaki kwenye nyuzi 70 haifaidiki nayo, na katika sili ya shafti inayokutana na mchanga, poliyurethani itadumu kuliko Viton. Ikiwa sili za zamani zilipikwa, kwanza safisha kipozeo cha oili na uhakikishe kwamba oili ina unene unaofaa, kwa mfano VG 68 mahali penye joto ambapo mtengenezaji ameiruhusu badala ya VG 46, ndipo ufikirie kubadilisha mpira.

Rangi si ushahidi. Viton mara nyingi ni ya kahawia au kijani na naitraili ni nyeusi, lakini rangi hutiwa kiwandani kwa hiari ya mtengenezaji. Uzito husaidia zaidi: oringi ya FKM ni nzito mkononi kuliko ya naitraili ya ukubwa ule ule.

Kosa la hatari zaidi ni kuchanganya familia za vimiminika. Mpira wa EPDM umetengenezwa kwa ajili ya oili ya breki ya DOT 3 na DOT 4, na ukiingizwa katika oili ya madini huvimba na kuharibika. Kinyume chake ni kweli pia: jeki ya chupa iliyojazwa oili ya breki kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwepo gereji itaanza kuvuja, kwa kuwa sili zake za naitraili hazikubaliani na oili hiyo. Muulize dereva kilichoongezwa tangini, na uliza kwa upole, kwani jibu la kwanza huwa "hakuna".

Ugumu wa mpira hupimwa kwa Shore A, kipimo ambacho namba kubwa humaanisha mpira mgumu zaidi. Oringi za kawaida ni 70, na zile za shinikizo kubwa ni 90. Oringi ya 70 ikikutana na shinikizo linalopita bar 100 hivi inahitaji ringi ngumu ya kuegemeza, inayokaa upande usio na shinikizo ili oringi isisukumwe kwenye uwazi. Shinikizo likija kutoka pande zote mbili, ziwekwe ringi mbili. Ukikuta mfuo mpana usioeleweka wenye oringi peke yake, inawezekana kabisa kwamba aliyefungua kabla yako aliitupa ringi ya kuegemeza akidhani ni kipande cha plastiki kilichovunjika.

Hatua ya tano: linganisha umbo na kazi

Tipa hunyanyua mara chache kwa siku, polepole, na sili rahisi ya mdomo mmoja wa umbo la U inatosha. Kijiko hufanya kazi kwa mishindo. Eskaveta za tani 20 hufikia shinikizo la karibu bar 350, na sili ya shafti bila bafa haitadumu. Ikiwa glendi ina mfuo wa bafa, ujaze, hata kama fundi aliyetangulia aliuacha mtupu na mtambo ukaendelea kufanya kazi. Kwa silinda inayoshikilia mzigo kwa muda mrefu bila kusogea, pistoni yenye sili ya mpira au poliyurethani hushika vizuri kuliko tefloni, ambayo huruhusu upitaji mdogo wa oili. Kwa silinda inayokwenda mbio na kurudi siku nzima, tefloni ndiyo yenye sifa. Sili ya vumbi isipuuzwe kwa sababu ya udogo wake: kwenye machimbo na barabara za vumbi, hiyo ndiyo huamua umri wa nyingine zote.

Hatua ya sita: dukani

Seti kamili ya mtengenezaji wa mtambo ndiyo chaguo la kwanza ikiwa namba ya mtambo inajulikana na silinda haijawahi kubadilishwa. Hata hivyo, mitambo mingi inayofika Afrika Mashariki ni ya mtumba, na silinda iliyomo inaweza kuwa imetoka kwenye mtambo mwingine. Fungua seti kaunta na upime kila sili dhidi ya vipimo ulivyoandika.

Kwa mitambo ya Japani kama Komatsu na Hitachi, sili za NOK, kampuni ya Japani inayotengeneza sili, hubeba herufi zinazotaja kazi: IDI, ISI na IUH ni za shafti, SPGO na SPGW za pistoni, HBY ni bafa, DKB na DKBI za vumbi, WR ni ringi ya mwongozo. Tarakimu zinazofuata mara nyingi ni kipenyo cha ndani, cha nje na kimo kwa milimita, hivyo mwenye kuzisoma anaweza kununua hata mahali ambapo hakuna anayeujua mtambo wake.

Tazama namna duka linavyozitunza. Sili zilizotundikwa kwenye msumari mlangoni, jua likizipiga kila asubuhi, zimeanza kuzeeka kabla ya kuuzwa, na ile ya chini kabisa katika fungu imevutwa ikawa yai. Kiwango cha ISO 2230 kinapendekeza zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, gizani, mbali na mota za umeme na uchomeleaji, na kinatoa umri wa awali wa miaka 5 kwa poliyurethani, 7 kwa naitraili na 10 kwa FKM na EPDM. Tafuta tarehe kwenye mfuko. Kisha ikunje sili kwa vidole na uutazame mdomo wake: unatakiwa uwe mkali, bila masalia ya mpira kutoka kwenye kalibu ya kiwandani na bila nyufa ndogo.

Ukubwa usiopatikana unaweza kukerezwa kutoka kwenye bomba la poliyurethani katika karakana zenye mashine ya kazi hiyo. Wapelekee glendi, pistoni na shafti pamoja na vipimo vyako, na uwaambie shinikizo, joto na oili inayotumika. Karakana ambayo haiulizi chochote kati ya hayo isipewe kazi.

Hatua ya saba: kufunga na kujaribu

Osha kila kitu, ondoa ncha kali kwenye kingo ambazo sili itapita, na funika nyuzi za skrubu kwa utepe. Paka oili safi ile ile itakayotumika kwenye mtambo. Sili ya U ya shafti hukunjwa umbo la figo na kuachiwa ndani ya mfuo. Mdomo wake huelekea oili, na wa sili ya vumbi huelekea nje. Pistoni yenye sili mbili za mdomo mmoja hufungwa zikipeana mgongo, kila mdomo ukielekea upande wake wa shinikizo. Zikielekeana, oili hunaswa katikati na kuzivunja. Tefloni hulainishwa kwenye oili yenye joto la nyuzi 80 hadi 100, ikavutwa kidogo kidogo bila kutumia bisibisi, kisha ikabanwa kwa mkanda laini kwa dakika kadhaa ili irudie ukubwa wake kabla ya pistoni kuingia kwenye bomba. Mapengo ya ringi za mwongozo yasipangwe mstari mmoja.

Silinda ikisharudi kwenye mtambo, iendeshe bila mzigo, polepole, bila kuigonga mwishoni mwa mwendo, hadi isogee bila kusita. Ongeza oili tangini, kwa kuwa kiwango kitakuwa kimeshuka, ndipo uanze kuongeza mzigo. Utando mwembamba wa oili unaolowesha kidole kwenye shafti ni wa kawaida na unahitajika. Tone linalojikusanya kwenye ukingo wa glendi na kudondoka si la kawaida. Likiendelea baada ya saa chache za kazi, usikaze glendi kwa matumaini kwamba itaziba, kwa sababu sili ya mdomo haiongezwi nguvu na boliti. Ni zile tu za kizamani za ringi za V zilizopangwa fungu ndizo hukazwa, kwa kupunguza vipande vyembamba chini ya kifuniko. Katika nyingine zote, toa mzigo, fungua, na uanze upya kwenye kipimo cha mfuo.